Panya Thelathini wa Savage

Burnsville, Jumapili alasiri

Nekesa binti yangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua hivi: mimi ni mzima wa afya, sijui wewe huko uliko. Lakini huko uliko napajua. Uko dukani na mama yako, mnatafuta begi la tatu kwa sababu yale mawili ameshayashindilia, na nina hakika sasa hivi mnabishana kuhusu idadi ya soksi. Mimi nimeachiwa vyombo vya wageni. Nimesugua masufuria yote, nimefagia makombo ya chapati chini ya kochi, nimekunja viti vya kuazima na kuvipanga mlangoni. Kazi zimeniishia, na sasa sina tena kisingizio cha kutoandika.

Sitakuagiza uvae nini huko Baringo wala unywe maji gani. Mama yako ameyaandika hayo yote kwenye karatasi mbili, mbele na nyuma, na moja ameibandika ndani ya kifuniko cha begi uione kila ukifungua. Mimi nina jambo moja tu. Ni la zamani, na nimechelewa kulisema kwa miaka kumi na miwili.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua wewe husikia kila kitu na kujibu kwa Kiingereza, na nimezoea, tumekuwa tukiongea hivyo tangu ukiwa na miaka saba, kila mtu upande wake wa barabara. Lakini ulikuja hapa ukiwa umeshamaliza darasa la kwanza, kwa hiyo kusoma unajua, hata kama unafuatisha kwa kidole. Fuatisha. Nikiliandika jambo hili kwa Kiingereza nitajificha nyuma ya maneno ya kazini, na nimejificha vya kutosha.

Leo mchana, baada ya maombi ya kukuaga, ulisimama hapa sebuleni mbele ya ushirika wetu mzima. Ulieleza kwamba unarudi Kenya kwa mwaka mmoja kutega panya wa porini na kupima kama wanabeba vimelea vinavyowapa watu vidonda vya ngozi visivyopona. Kisha ukasimulia kwa nini uliichagua kazi hii. Ukasema ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yako aliwapima panya wa msitu ambako watoto wa ushirika walikuwa waende kambi, akawakuta wamejaa vimelea, akawaokoa watoto wote na ugonjwa. Watu wakapiga makofi. Mama Kevo, ambaye ametuongoza katika ushirika huu tangu tufike, akapaza sauti: "Amen! Daktari wa Panya, hebu simama tukuone!"

Nikasimama. Nikainua mkono. Nikakaa, nikamalizia chapati yangu.

Hadithi hiyo hiyo uliiandika kwenye maombi yako ya nafasi hii. Ulinisomea mwenyewe, na nikakwambia ni nzuri, ila upunguze aya moja.

Basi acha niseme kabla sijaghairi. Nekesa, panya wale hawakuwa wagonjwa. Walikuwa thelathini, na ni mmoja tu aliyekuwa na vimelea. Wengine ishirini na saba niliwaambukiza mimi, tena ndani ya vichupa, wao wenyewe wakiwa wamesharudi msituni kula mbegu zao bila habari.

Ukitaka kuvuta pumzi, vuta. Nitakueleza pole pole.

Habari za ujana wangu unazijua zile za kuchekesha tu. Unajua jinsi nilivyokuwa nikitega fuko kwenye viazi vitamu vya nyanya yako kule Bungoma, kwa fimbo iliyopindwa na kamba ya katani, na jinsi fimbo ilivyofyatuka siku moja ikanipiga mdomoni. Jino hili la mbele lililomeguka ndilo hilo. Ambacho sijakusimulia ni maabara ya zahanati, kazi yangu ya kwanza.

Ilikuwa chumba kimoja, dirisha moja, hadubini moja. Vioo vya kupakia damu vilikuja kwa boksi, na boksi likiisha hatukujua lingine litakuja mwezi gani. Kwa hiyo tulivirudia. Tuliviosha kwa sabuni, tukavichemsha, tukavianika juu ya kitambaa, tukavifuta kimoja kimoja. Karatasi ya kufutia lenzi tuliikata vipande vinne. Mzee aliyekuwa mkuu wa maabara alinikuta siku moja nikitupa kioo kilichomeguka pembeni. Alikiokota kwenye ndoo, akakisafisha kwa koti lake, akaniuliza bila ukali, "Simiyu, mtoto atakayeletwa kesho utampima kwa kioo gani?"

Swali lile liliniingia. Kwa miaka sita sikutupa kitu pale. Na nisikudanganye, mzee yule alikuwa na haki, kwa sababu mtoto wa kesho alikuwa akija kweli, mgongoni mwa mama yake, amechemka homa, na kioo kilikuwepo.

Tulipofika hapa vyeti vyangu vilikaa kwenye droo miaka minne. Nilitunza wazee kama nusu ya Wakenya tuliowajua. Sioni haya na kazi ile. Kuna wazee niliowapenda na nikawalilia. Ila nilikosa hadubini. Kisha Daktari Ingrid akanichukua kwenye maabara yake Saint Paul. Unamkumbuka, yule mama mrefu mwenye nywele nyeupe aliyekupa koti la maabara likaburuzika sakafuni. Kazi ilikuwa hii hii yako. Tulitega visanduku vya bati msituni, ndani tukaweka shayiri iliyochanganywa na siagi ya karanga, na donge la pamba ili panya asipate baridi. Nilimpigia nyanya yako nikamwambia Amerika hata panya wa mtego anatandikiwa kitanda, akacheka mpaka simu ikakatika.

Tone la damu, alama sikioni, panya anaachiwa. Damu inakwenda maabara. Kimelea tulichotafuta ni kile kinachoingia kwenye chembe nyekundu za damu. Panya hukibeba bila kuumwa, kupe akamnyonya panya, kisha akahamia kwa mtu, na mtu akapata homa na kutetemeka. Nilipoelezwa hivyo nilifurahi. Nilimwambia mama yako nimekutana na jamaa yake malaria huku kwenye theluji.

Lakini hapakuwa na haja ya macho yangu. Ilikuwa PCR, kipimo ambacho siku hizi kila mtu anakijua kwa sababu ya korona, ila wakati ule kilikuwa kigeni kwangu. Unajua inavyofanya kazi, lakini soma tu, nataka kuisema mwenyewe. Mashine haikioni kimelea. Inatafuta kipande kidogo cha vinasaba vyake na kukizidisha mara nyingi mno, na kwenye skrini mstari wa damu yenye kimelea unapanda. Damu safi, mstari unalala. Na mwisho wa safu kuna kichupa kimoja kisicho na damu kabisa, maji matupu. Kazi yake ni kulala. Maji yakipanda, ujue uchafu umeingia mahali, na hakuna mstari hata mmoja unaoweza kuuamini.

Sasa, kuhamisha tone unatumia pipeti, na mdomoni mwa pipeti unavika kincha cha plastiki. Tone moja, kincha kimoja, tupa. Tone la pili, kincha kipya, tupa. Ilipofika saa ya chakula ndoo ilikuwa imejaa plastiki safi iliyoguswa mara moja tu. Nekesa, ndoo ile iliniuma. Niliiona hata nikiwa kwenye gari nikirudi nyumbani. Nikaanza kubana. Sheria niliijua, nilikuwa nimeisoma na kuitia sahihi, lakini nilijiambia panya waliotegwa pamoja ni majirani, na nikikisuuza kincha kwa maji mara mbili katikati kuna ubaya gani? Vincha nilivyookoa nilivipanga kwenye kisanduku, nikakificha nyuma ya droo. Vya mtoto wa kesho, nadhani. Wakati huo nyuma yangu kulikuwa na kabati zima la vincha vipya, juu mpaka chini.

Halafu wakaja panya thelathini wa Savage, mji wa jirani hapa, kutoka msitu ule karibu na mto. Ilikuwa Ijumaa, na Daktari Ingrid alikuwa amekwenda ziwani kwenye nyumba yao ya mapumziko. Nilikaa mbele ya skrini peke yangu. Panya wa kwanza alilala. Wa pili alilala. Wa tatu akapanda vizuri, nikapiga meza kwa furaha. Wa nne akapanda. Wa tano, wa sita, wa saba, wote wakapanda kwa zamu mpaka wa thelathini. Na nyuma yao, mwisho wa safu, yakapanda maji.

Nilijua. Sitaki kukudanganya tena hata kidogo: nilijua papo hapo kwamba kincha kimeeneza damu ya panya wa tatu. Nilikaa pale nikiuangalia mstari wa maji labda dakika kumi. Kisha nikachukua kincha kipya, kichupa kipya, maji mapya, nikayapima peke yake. Yakalala. Nikaandika kwenye daftari matokeo ya mwanzo ya panya wote, na chini yake nikaandika matokeo ya maji yale ya pili. Maji: safi.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini siku hizi sipendi neno "safi". Sasa unajua chanzo chake.

Hofu ilikuwepo, kwa sababu nilikuwa na miezi mitano tu kazini na hatukuwa na mahali pengine pa kurudi isipokuwa kwenye kazi ya kutunza wazee. Lakini nikiwa mkweli, hofu haikuwa kubwa kama furaha. Nilikuwa nimegundua kitu! Jumapili hiyo tulikuwa kwa Mama Kevo, Lakeville, na akina mama walikuwa wakipanga kambi ya watoto. Nilisubiri wanyamaze, nikasimama na kikombe changu, nikasema panya wa msitu ule karibu wote wana vimelea.

"Baba Nekesa, huko Savage? Si ndio huko tumebook place ya camp?" Mama Kevo akaniuliza. "Uko sure?"

"Nimepima mimi mwenyewe," nikasema. "Nimeona na macho yangu."

"Wueh! Basi tuna-cancel. Hakuna mtoto wangu atalala kwa hiyo nyasi."

Wakanizunguka na maswali. Dalili ni gani, kupe anaonekanaje, na sisi wa Burnsville tuko salama? Nilijibu yote. Kwa miaka minne kila aliyeniita katika ushirika ule aliniita kubeba viti. Siku hiyo walinitafutia kiti, na ilikuwa tamu, mwanangu. Mama Kevo ndiye aliyeanza jina la Daktari wa Panya, na mimi nikalipokea bila hata kusema "mnanitania."

Na wewe ulikuwa umeshapanga begi lako wiki nzima kabla. Ulikuwa na tochi. Ulikuwa ukijifunza kusimamisha hema kwenye kapeti ya hii sebule, mpaka mama yako akawa analiruka hema akienda jikoni. Nilipokwambia hakuna kambi ulisema, "Dad, please. I already packed." Nikasema hapana, kwa sauti ya daktari. Uliingia kwenye kabati la nguo, ukafunga mlango, ukalia humo, nami nilikuwa upande huu wa mlango nikijua ninachokijua.

Kabati lile bado linanisumbua. Kazi ningeweza kuipoteza na kupata nyingine. Lakini nilimsikia mtoto wangu akililia kitu ambacho neno langu moja lingemrudishia, na neno hilo nikalimeza. Mama Kevo alijitahidi, aliwatandikia kwenye basementi yake, chini ya nyumba, mkala piza mkatazama katuni, mkaambiwa hiyo ndiyo kambi. Ulirudi ukaliweka hema kabatini.

Jumatatu Daktari Ingrid alirudi, amebabuka jua puani. Alisoma daftari kwa muda mrefu. Akaniuliza swali moja tu: "Na maji yalikuwaje?"

Nikasema, "Safi."

Wiki mbili zilipita hivyo. Nilikuwa nakula nusu sahani, na mama yako akadhani nina vidonda vya tumbo. Kisha Jumatano moja nilirudi kutoka kazini nikakuta kadi juu ya mto wangu. Uliikata mwenyewe kwa karatasi ya rangi ya manjano, ukachora panya mwenye masikio makubwa kuliko kichwa. Ndani uliandika kwa Kiswahili, wewe ambaye hata salamu ulikuwa ukinijibu kwa Kiingereza: "Baba, pole nilikasirika. Asante kwa kupima panya. Sasa hatutakuwa wagonjwa."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa kitandani na viatu vyangu.

Usiku ule nilimwambia mama yako yote. Alinisikiliza, akauliza kama tutafukuzwa, nikasema sijui, akasema basi twende tukajue. Asubuhi nilimsubiri Daktari Ingrid mlangoni, nikamwonyesha kisanduku cha vincha, nikamwambia kuhusu maji ya kwanza na maji ya pili. Alikuwa ameshaandika barua ya kuwaarifu wenye msitu. Ilikuwa mezani, bado haijasainiwa. Aliichukua, akaikunja, akaiweka mfukoni. Aliniuliza vincha nilivifichia nini, nami nikamweleza kuhusu yule mzee na kile kioo na mtoto wa kesho. Alivua miwani.

"Mzee wako alikuwa sahihi kwa chumba chake," akasema. "Lakini mimi nilikuuliza kuhusu maji."

Sijawahi kusikia maneno mazito kuliko hayo. Alivaa glavu, akavuta kiti karibu na changu, tukaanza upya kutoka kwenye damu iliyobaki kwenye friza, panya mmoja baada ya mwingine, kincha baada ya kincha. Tulijaza ndoo mbili. Panya wa tatu alipanda, wengine wote wakalala, na maji yakalala. Sijui kama umewahi kufurahia kitu kilicholala. Mimi nilifurahi mpaka nikaona haya.

Tangu siku hiyo, kwenye maabara ile kila anayepima huandika jina lake kando ya kichupa cha maji, hata akiwa profesa. Na wageni wakija, mimi ndiye ninayewafundisha. Huwaeleza kisa cha mtu mmoja aliyebana vincha akachafua panya thelathini. Huwa wanacheka, nami nacheka nao. Wakiuliza mtu huyo yuko wapi siku hizi, husema alihama.

Kwako pia nilihama. Siku ile nilipotoka kwa Daktari Ingrid niliendesha gari nikipanga maneno ya kukwambia. Nilipofungua mlango uliniuliza, "Any sick mice today, Dad?" na uso wako ulikuwa na fahari ambayo sikuwa nimewahi kuiona ikielekezwa kwangu. Nikasema leo hapana. Nikajiambia nitakueleza ukimaliza darasa la sita, halafu ukivunja ungo, halafu ukiingia chuo. Mama yako alikuwa ananikumbusha kila mwaka majira ya kambi. Na ushirika nao niliuacha hivyo hivyo, maana nani atamwambia Mama Kevo kwamba aliwafungia watoto basementini bure?

Leo nimekusikia ukisimulia, na nimeona unaondoka kesho ukiwa umebeba uongo wangu kama cheti. Utaupeleka Baringo. Utawasimulia wenzako jioni ya kwanza. Naogopa, Nekesa. Naogopa utasoma hapa halafu niwe mdogo machoni pako, na nimependa kuwa mkubwa machoni pako, nimependa sana. Lakini naogopa zaidi kwamba siku moja utakuwa peke yako mbele ya skrini, maji yako yatapanda, na utajiambia baba yangu kamwe hangekutwa na jambo hili. Hapo utalificha. Nakujua, una damu yangu.

Yatapanda, usidhani hayatapanda. Yamempandia kila mtu ninayemheshimu katika kazi hii. Siku hiyo sema siku hiyo hiyo, hata ukisema vibaya, hata ukilia. Mimi nilichelewa majuma mawili kwa Daktari Ingrid na miaka kumi na miwili kwako, na nakuhakikishia ya pili ilikuwa ngumu mara nyingi kuliko ya kwanza.

Nina mengine mawili matatu, halafu nimemaliza. Huko utakuta watu wanaoosha glavu na kuzianika kwenye kamba. Usiwacheke, na usikimbilie kuwafundisha. Waulize kwanza wanamwekea nani. Wakishakujibu, mtajua pamoja kipi kinaweza kurudiwa na kipi hakiwezi. Sikukosa kwa kuwa na mkono mgumu. Mkono huo ndio uliowalisha na kuwasomesha. Nilikosa niliposema "safi."

Wenyeji watakuita Daktari siku ya kwanza, kabla hujafungua hata mtego mmoja. Utaona utamu wake. Pokea chai yao, na jina waambie wasubiri kidogo.

Na Kiswahili chako kitachekesha watu. Wacha kichekeshe.

Usidhani naandika nikiwa na huzuni. Nimeridhika, kuliko nilivyotarajia niliposhuka kwenye ndege na koti la kuazima. Na usidhani kwamba kazi yako imesimama juu ya hadithi yangu. Nilikuona majira yale uliyokuja kutusaidia, ukiwa na miaka kumi na tisa, umepiga magoti kwenye majani mabichi kando ya mto, panya ndani ya mfuko, unamwambia kwa Kiswahili, "Pole, pole, nakaribia kumaliza." Hukujua nakusikia. Hukufundishwa hilo na Daktari wa Panya yeyote. Nilirudi kwenye gari nikakaa kidogo kabla ya kuliwasha, kwa furaha tu.

Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii chini ya soksi zako, uikute huko mbali ambako huwezi kuniuliza kitu. Nilipokwisha kupanga hivyo nikagundua kwamba ni yale maji ya pili. Basi nimeacha. Nitakupa mkononi mkiingia, na nitakaa kwenye kiti hiki unisome nikiwepo. Kisha nitampigia Mama Kevo. Namba yake nimeshaiandika pembeni ya karatasi hii ili nisijifanye nimeisahau.

Mama yako alijua. Alipokuwa akikuharakisha utoke aligeuka mlangoni, akanitazama, akasema, "Baba Nekesa, two hours zitakutosha?" Mabegi mawili yalikuwa yanatosha kabisa, mwanangu. Hakuna aliyehitaji la tatu.

Nasikia gari. Ndani ya bahasha hii kuna kadi ya manjano yenye panya wa masikio makubwa. Imekaa ndani ya Biblia yangu miaka yote hii, na sikuwahi kuwa na haki nayo. Nakurudishia. Ukimaliza kusoma, uamue wewe mwenyewe kama bado ni yangu.

Baba yako,
Simiyu